Bahari Haijui Jumamosi

Baba Zuhura,

Assalamu alaykum. Hiyo ni haki ya Mwislamu kwa mwenziwe na nimeshakupa. Hali yako sikuulizi. Naambiwa ni nzuri, umenenepa, na huko kusini ulikohamia umeshapata rasi nyingine ya kuwazungushia watu, na kopo jingine la rangi nyekundu.

Naandika hapa kwenye kundi la simu, mbele ya watembezi uliowakusanya mwenyewe, kwa sababu simu zangu hupokei. Nimekupigia asubuhi, nimekupigia alasiri, nimemtuma mjomba wako. Ukamwambia mjomba, "Yule mwanamke anataka turudiane." Turudiane, mimi na wewe? Talaka yako niliipokea kwa mikono miwili, eda nikaikaa nikaimaliza, na siku ilipokwisha nilipika pilau nikagawia majirani. Ninalolitaka kwako ni jambo moja, wala si langu. Mwambie Zuhura kwamba hakumchelewesha mtu.

Humu wamo wengi walioingia baada ya mambo kutokea, kwa hivyo nitaeleza ili asije mtu akasema namsingizia. Zuhura ni binti yetu, ana miaka kumi na miwili. Mwaka jana alivunjika mguu chini ya majabali ya rasi, upande wa Kizingo, kwenye njia uliyoichora wewe. Mfupa umeunga zamani. Daktari amempiga picha, akamgongagonga goti, akasema atembee. Hatembei. Kitandani mpaka msalani, msalani mpaka dirishani, na fimbo mkononi. Shule anapelekwa na tuktuk mpaka mlangoni na kurudishwa mpaka mlangoni. Nikimwambia twende hata dukani hapo pembeni tukanunue nazi, hunijibu, "Nenda wewe mama, mimi nitakuchelewesha." Mtoto hakulizua neno hilo. Amelipata kwako.

Na linaniuma zaidi kwa sababu wewe ndiye uliyemfundisha kutembea. Hilo silikatai, sina tabia ya kukata haki ya mtu. Hata mimi ulinifundisha. Uliponioa nilikuwa binti wa Kuze ambaye safari yake ndefu ya miguu ni kwenda sokoni na kurudi, na kurudi kwenyewe kwa tuktuk. Wewe ulikuwa karani wa godauni kule Shimanzi, mtu wa Kwale, wa vilimani, uliyezoea kupanda na kushuka tangu utotoni. Mwezi wa pili wa ndoa ukaninunulia raba, ukaniambia, "Leo twauzunguka mji mpaka turudi tulipoanzia." Nikakucheka. Tukatoka alfajiri, tukarudi adhuhuri, nyayo zimeniwaka, na njiani ulinifundisha kupumzika kabla sijachoka na kukanyaga jiwe kwa unyayo mzima. Jioni ulinikanda miguu kwa mafuta ya nazi. Nilikupenda siku ile, na wala sioni haya kulisema mbele ya watu.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akikaa barazani akituangalia tukitoka kila Jumamosi. Aliwaambia jirani zake, "Mkwe wangu yuwauzunguka mji kama mtu aloangusha pete." Walicheka, wewe ukacheka, ukaenda ukambusu mkono. Alikupenda yule mzee. Ndiye aliyekwambia uziweke alama hizo njia, ili na watu wengine watembee bila ya kuuliza kila kichochoro.

Ukaanza. Mzunguko wa kijani ulikuwa wa ndani ya mji: unatoka Kuze, unapita vichochoro na misikiti, unarudi Kuze. Wa manjano ulikwenda mpaka Ngome, ukapita juu ya majabali mpaka Kizingo, ukarudi kwa barabara ya ndani. Mishale midogo, kiasi cha kiganja, kwenye jiwe au kwenye pembe ya ukuta, na kila ukuta uliomba ruhusa kwa mwenyewe. Zuhura alikuwa mabegani mwako ameshika kopo. Unakumbuka yule askari wa geti kule Kizingo, kwenye jumba kubwa? Alitusimamisha akauliza, "Mwamtafuta nani?" Ukamwambia hatumtafuti mtu, twatembea tu. Akatutazama mpaka viatuni, akasema, "Hapa watu hawatembei, bwana. Hapa watu hupita na gari." Kwa miaka mingi lilikuwa neno letu la kuchekea ndani ya nyumba. Mtoto akikataa kwenda kuoga, husema, "Hapa watu hawaogi, hapa watu hupita na gari."

Basi ungeishia hapo. Mizunguko miwili ilitosha, watu walikuja, mpaka walimu na wafanyakazi wa mabenki, wakimaliza wanakaa barazani kwetu nawapa kahawa na kaimati. Lakini wewe sifa zilikuingia. Ukataka wa tatu, mwekundu, upite chini, kwenye ukingo wa mwamba ambao maji yakipwa huwa mkavu na unaona mashimo ya kaa, na maji yakijaa haupo. Ukasema huo ndio utakaowavuta watu mpaka wa Nairobi.

Mama alikukataza? Hakukukataza. Alikwambia neno moja, nami nilikuwepo nashona kofia: "Mwanangu, huko chini watu hupita, lakini mwezi mosi usende, na mwezi kumi na tano usende, na siku mbili kabla na mbili baada. Hiyo ni bamvua, mai hupanda mpaka kwenye jabali. Siku zilobaki, uliza." Sisi watoto wa Kuze hatukufundishwa hayo darasani. Mwezi tunaujua, ni siku ya ngapi tangu uandame, kwa sababu ya saumu na maulidi na hitima, na bahari inafuata mwezi, basi ukijua mwezi ngapi leo umejua na maji. Katika siku za bamvua maji hupwa asubuhi na hujaa alasiri. Katika siku za maji mafu ni kinyume, alasiri ndiyo panakuwa pakavu, na hata yakijaa hayapandi sana. Hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua hayo. Ukaitikia, "Ndiyo, mama." Ukatoka, ukaniambia mimi, "Wageni hawajui mwezi. Wanajua Jumamosi."

Si kosa kuzaliwa mbali na maji. Kosa ni kuambiwa na wenye maji ukajiona wewe ndiye mwenye akili. Nilikwambia tuandike kibao pale pa kushukia: siku za bamvua usipite. Ukanijibu kibao kitatisha watu. Nikakwambia hata mstari mmoja kwa rangi. Ukasema njia nzuri haina maneno, ina mishale tu. Nilipolirudia mbele ya wageni wawili, barazani, ulinyamaza mpaka wakaondoka, kisha ukaniita chumbani. "Mama Zuhura," ukasema, "ukinisahihisha tena mbele ya watu, utakuwa umenivunjia heshima, na nyumba hii haitakuwa na mume." Polepole, bila ya kupaza sauti. Hilo nalo walisome watu, kwa sababu humu wengi wanakujua kwa upole wako.

Ulipaka mishale myekundu Jumamosi moja, mwezi nane, maji mafu. Ulishuka saa nane mchana ukapanda saa kumi, umefurahi, viatu vikavu. Ukatangaza hapa kundini: Jumamosi ijayo, saa zile zile. Mama alikuwa ameshakufa, alizikwa mfunguo mosi, mara baada ya Ramadhani, hakuwepo wa kuuliza mwezi ngapi. Na kutoka mwezi nane mpaka Jumamosi ya pili ni mwezi kumi na tano.

Tulikuwa watu tisa. Mwalimu Raheli wa Kaloleni alikuwemo, na yumo humu kundini, akiona nimeongeza chumvi aseme. Tulipofika pa kushukia ilikuwa saa nane na nusu, na ule ukingo ulikuwa umeshalowa. Mwalimu Raheli akauliza, "Bwana, haya maji yanakuja au yanakwenda?" Ukamjibu, "Yanakwenda. Jumamosi iliyopita saa hizi palikuwa pakavu kabisa." Bahari haijui Jumamosi, Baba Zuhura. Haijapata kuijua.

Mkashuka, tukashuka. Zuhura alikuwa nyuma yako, wa pili katika mstari, nyayo juu ya nyayo zako. Mimi nilikuwa wa mwisho, kwa hivyo niliwaona wote, sikukosa kitu. Katikati ya njia ukatusimamisha. Ukataka kupiga picha, kwanza wote, kisha wanawake, kisha mtu mmoja mmoja na mshale. Robo saa nzima, na maji yanaramba viatu. Tulipoanza tena, mishale iliyokuwa mbele ilikuwa imeshaingia majini, ukawa huijui njia uliyoichora mwenyewe. Wimbi likaja, la kawaida tu, wala halikuwa kubwa. Zuhura akateleza, mguu ukaingia baina ya mawe mawili, na mwili ukaanguka upande wa pili. Nilisikia. Sitaki kusema nilisikia nini.

Waliomtoa ni Mwalimu Raheli na kijana mmoja wa benki. Tulimfunga kwa leso yangu na leso ya Mwalimu, tukampandisha jabali kwa mikono, watu saba wamebanana, maji yamefika kiunoni. Wewe ulikuwa mbele unapiga kelele, "Huku, huku," na huko unakoonyesha hakuna njia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Wewe ndiye hukusikia, na guu likavunjika la mtoto.

Mpaka hapo ningekusamehe. Wallahi ningekusamehe. Mtu hukosea, na bahari imewakosesha manahodha, seuze karani. Tulipofika hospitali, daktari akauliza ilikuwaje. Ukamwambia, "Mtoto alichelewa nyuma." Nikadhani umechanganyikiwa. Kisha ukakaa kitandani kwake, ukamshika mkono, ukamwambia kwa ile sauti yako ya asali, "Ungeongeza mwendo kidogo tu, mama, tungekuwa tumeshapita." Akakuangalia. Akasema, "Nisamehe, baba."

Akakuomba msamaha, na wewe ukaupokea. Ukampapasa kichwa ukasema, "Haidhuru." Mtu mzima, ndevu zake, anapokea msamaha wa mtoto ambaye mguu umening'inia kwa sababu yake. Mara ngapi nimejaribu kuzisahau hizo "haidhuru" zako nikashindwa. Jioni ile ile ukaandika hapa kundini kwamba matembezi yalikuwa mazuri ila mtoto mmoja alibaki nyuma akateleza, na mkashukuru Mungu wote kwa vile vijipicha vya viganja vilivyounganishwa. Mtoto mmoja. Hata jina hukumpa.

Miezi miwili baadaye ukaondoka. Ukasema Kuze inakubana, watu wanakuangalia. Walikuwa wakikuangalia kweli, lakini hawakukuuliza, ndiyo adabu yetu hiyo, nawe ukaitumia kupitia katikati. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole la mtoto limepona. Ulimi wako bado umo ndani ya nyumba yangu, unakaa naye dirishani.

Sasa nina langu la kusema, na hili nalo linakuhusu, usifurahi mapema.

Siku ile nilikuwa nimefunga. Wewe hukujua, kwa sababu ulikuwa huangalii nakula nini wala sili nini. Nilikuwa nimefunga siku nyeupe, mwezi kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano, kama alivyokuwa akifunga mama. Ndiyo siku ya tatu. Hakuna mtu katika wale tisa aliyeujua mwezi kama mimi, niliujua kwa kiu. Nilisimama juu ya jabali, nikayaona maji, nikajua yanakuja. Mwalimu Raheli alipouliza, mimi ndiye niliyekuwa na jibu. Nikalimeza. Nilifikiri: nikisema mbele ya watu nimemvunjia heshima, na nyumba haitakuwa na mume. Nikamtanguliza mwanangu ashuke, nikafuata.

Mume mwenyewe kaondoka hata hivyo. Ona biashara hiyo.

Miezi yote hii nimekaa nikikusubiri wewe useme kwanza. Nilijiambia, yeye ndiye aliyesema uongo, mimi nilinyamaza tu. Nikikuona umeandika humu, mishale mipya, rasi mpya, njia haina maneno, natukana peke yangu jikoni. Na mtoto yuko chumba cha pili anaamini kwamba ni mzito, kwamba miguu yake ndiyo iliyomfukuza baba. Ndiyo, hilo nalo aliniambia. "Baba alihama kwa sababu nilimharibia njia yake." Mwezi uliopita huo. Nilipolisikia nikaona basi, kusubiri kwangu nako ni uongo.

Wiki iliyopita, baada ya swala ya alasiri, nikaingia chumbani kwake nikafunga mlango. Nikamweleza yote. Mwezi, saumu, maji, picha. Nikamwambia alikuwa wa pili katika mstari, nyuma yako, na wa mwisho nilikuwa mimi. Nikamwambia, "Nilijua, na nilinyamaza kwa kumwogopa baba yako." Nilidhani atalia. Hakulia. Alinitazama kwa jicho ambalo sijapata kutazamwa nalo na mtoto wangu, akageuka upande wa ukuta. Siku mbili hakula chakula changu. Alikula mikate aliyoletewa na shangazi yake, na mimi nikimpita kama mpangaji. Nilistahili, sikulalamika.

Siku ya tatu nilikuwa jikoni natia nazi kwenye mchuzi. Nikamwona kwenye mlango, hana fimbo. Kutoka chumbani mpaka jikoni ni hatua kama ishirini, na ametembea zote, anachechemea, ameshika ukuta. Niliogopa nikisema neno atakaa chini. Akauliza, "Mama, mimi nilikuwa natembea sawa?"

Nikamwambia, "Ulikuwa unatembea sawa."

Akafikiri. Akasema, "Wewe ulinyamaza, kwa hivyo sasa wasema hivyo kunifurahisha tu. Nataka baba aseme."

Umesikia? Mtoto wa miaka kumi na miwili ameipima mizani akaona neno langu halitoshi, kwa sababu na mimi nimo katika makosa. Nimejaribu kumwapia, amekataa kiapo changu. Tangu siku hiyo anafika mpaka jikoni na kurudi. Mpaka mlango wa nje hajafika. Nimemwuliza lini, akasema atakapopigiwa simu.

Kwa hivyo, Baba Zuhura, mimi na wewe hatuna la kuzungumza tena, si la ndoa wala la njia. Huko kusini ukitaka kuwazamisha watu, ndugu zao wakuone wao. Hawa waliomo humu nimeshawaambia: mwezi mosi na mwezi kumi na tano, msishuke popote alipopaka mtu huyu mshale. Yangu nimemaliza.

Lililobaki ni lako na yeye. Simu yake anaiwasha baina ya alasiri na magharibi, na anaiweka mapajani akakaa nayo. Usimwulize hali, usimwambie umemkumbuka, wala usimwite mama kwa sauti ile. Mwambie, "Ulikuwa unatembea sawa." Nimekuandikia, hata kutunga huna haja. Kisha nyamaza umsikilize, maana nadhani naye ana lake la kukwambia, na safari hii sidhani kama ni msamaha.

Mimi,
Mama yake Zuhura, niliyekuwa wa mwisho katika mstari